Wageni wa Msimu wa Vumbi

Kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua za kwanza zidondoke, zipo siku ambazo Mlima Hanang hauonekani. Mlima wenye zaidi ya mita 3,400, wa nne kwa urefu nchini, unaomtawala kila apitaye barabara ya Babati kwenda Singida, humezwa na utando wa rangi ya majivu. Si ukungu. Ni udongo wa mashamba yaliyokwisha kuvunwa, umepandishwa na upepo na kuchanganyika na moshi wa nyasi zinazochomwa vichakani. Mtu aliyefika mji wa Katesh jioni na kuondoka alfajiri anaweza kurudi kwao bila kujua kwamba alilala miguuni pa mlima.

Wenyeji hawafanyi kelele juu ya jambo hili. Alizeti imeshapigwa, maharage yako ndani, mabua yameliwa na ng'ombe, na punda wa maji wanakwenda mbali zaidi kadiri visima vinavyoshuka. Ziwa Balangida, ambalo maji yake ni ya chumvi, hunywea na kuacha ukoko mweupe kandokando. Upepo ukikaza, weupe huo nao hupanda angani. Chamchela huinuka katikati ya barabara, hukokota mifuko ya plastiki na makapi, huvuka uwanja wa mpira na kufia kwenye ua wa mtu. Mama mwenye ua atakunja kanga mdomoni, atangoja ipite, kisha ataendelea kupepeta.

Sisi tuliozaliwa pwani hudhani tunalijua joto. Tunalijua la kwetu, lenye jasho na upepo wa bahari. La wilaya za Hanang na Mbulu ni la namna nyingine. Jua la mwezi wa tisa linakausha bila kulowesha. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, pua inatoka damu bila kupigwa. Usiku ukiingia, baridi ya nyanda za juu inakudai blanketi la pili. Vumbi linaingia mahali ambapo hukudhani pana tundu: ndani ya saa ya mkononi, katikati ya kurasa za daftari, kwenye unga uliofunikwa vizuri. Ukifua shati jeupe asubuhi na kulianika, jioni unaanua shati la kaki.

Ndipo mazungumzo ya wageni yanapobadilika. Nawaita wageni watu wa kila namna: daktari kutoka Ulaya, mtafiti aliyekuja na vidaftari vyake, mwalimu mzaliwa wa Kyela, nesi kutoka Mtwara, ofisa kilimo kutoka Kagera, na mimi wa Tanga. Mwezi wa tatu wote tulikuwa tukiisifu nchi. Nani asiyeipenda Mbulu mwezi wa tatu? Miteremko ya Kainam imelimwa matuta kama mistari ya daftari la mtoto msafi, mahindi yamefika kiunoni, hewa inanukia udongo uliolowa. Kila mtu ni mwenyeji mwezi wa tatu. Mwezi wa tisa mada zinabaki tatu tu: vumbi, maji na uhamisho. Mtu anauliza likizo yako inaanza lini kabla hajauliza watoto hawajambo.

Nimelifikiria sana jambo hili na sidhani ni la kuchekwa. Binadamu kukimbia majira mabaya ni jambo la zamani. Wajerumani walipolishindwa joto la Dar es Salaam walipanda Lushoto, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Ndugu zetu wa Muscat wanaozungumza Kiswahili, kiangazi kikichoma, wenye nafasi huelekea Salalah ambako msimu wa kharif huleta manyunyu na majani mabichi. Wanorwei, baada ya miezi ya giza, hutafuta jua la kusini mwa Ulaya. Hakuna dhambi hapo. Swali langu ni jingine: yule anayeweza kuondoka anadaiwa nini na yule asiyeweza?

Swali hili linaulizwa pia mbali na hapa, tena kwa ukali zaidi. Kaskazini mwa Thailand, mji wa Chiang Mai una wageni wengi waliohamia kwa kupenda: wastaafu wa Ulaya na Marekani, walimu wa Kiingereza, vijana ambao ofisi yao ni kompyuta ya mapajani. Miezi ya baridi wanausifu kwa chakula, mahekalu na bei nafuu. Februari hadi Aprili sifa zinakoma. Mabua ya mahindi yanachomwa milimani, misitu inaungua, moshi mwingine unavuka mpaka kutoka nchi jirani, na kwa kuwa mji umekaa bondeni, moshi wote huo unatuama. Zipo siku mji huo huwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kupita yote duniani. Wenye fedha hushuka visiwa vya kusini mpaka mvua zirudi. Waliobaki hufunga madirisha na kuwasha mashine za kuchuja hewa, kila chumba na yake. Muuza chakula wa barabarani hana dirisha la kufunga.

Wageni wa Chiang Mai huwalaumu wakulima wa milimani wanaowasha moto, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini mahindi mengi ya kule hulimwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, na kuku anayelishwa mahindi hayo anaishia kwenye sahani mjini, mbele ya huyo huyo anayekohoa. Januari 2024, baada ya wananchi wa huko kufungua kesi, mahakama ya utawala ya Chiang Mai iliiagiza serikali itengeneze mpango wa dharura dhidi ya moshi ndani ya siku 90. Naona jambo moja katika habari hiyo: kesi hufunguliwa na asiye na pa kwenda. Mwenye tiketi halazimiki kwenda mahakamani.

Turudi Hanang, maana hapa pia kesi ilifunguliwa, na wageni walihusika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliiomba Canada msaada wa kulima ngano. Watu wa mijini walikuwa wanaongezeka, na mkate nao. Nyanda za Basotu, hapa Hanang, zilionekana zimeumbwa kwa kazi hiyo: pana, tambarare, zenye udongo mweusi na hali ya hewa ya ubaridi. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, likakabidhiwa mashamba. Canada ikaleta fedha, mashine na wataalamu. Mashamba yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, jumla yapata ekari laki moja. Wataalamu wale waliishi uwandani kwa miaka, wakala vumbi kama kila mtu, na vijana wengi wa Kitanzania walijifunza kwao kuendesha matrekta na kombaini na kuzitengeneza. Silifuti hilo. Ukikutana na fundi mzee upande ule, mwenye kuisikiliza injini kwa kuinamisha kichwa, huenda alijifunzia huko.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wabarbaig. Wao walizichunga nyanda zile katika mzunguko: mifugo inakuja majani yakiwa mazuri na maji yapo, kisha inaondoka kwenda malisho mengine, ardhi ibaki ipumzike. Mpita njia akikuta hakuna ng'ombe wala nyumba, husema hapana mwenyewe. Mbarbaig angemwambia ardhi imelala, kama ghala lililofungwa. Tena humo ndimo yalimokuwa makaburi ya wazee wao, vilima vya heshima vinavyoitwa bung'ed, ambavyo hujengwa kwa miezi ya ibada na kukumbukwa kwa vizazi. Plau za trekta zilipita juu ya baadhi yake. Njia za ng'ombe kwenda kwenye maji na chumvi zilikatwa. Waliopita shambani na mifugo walihesabiwa wavamizi.

Mwaka 1981 watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi wa sehemu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaupindua. Shauri hilo, NAFCO dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, bado husomwa na wanafunzi wa sheria ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Canada ilijitoa. NAFCO nayo haikukaa sana. Mashamba yakabadilika mikono, mengine kwa vijiji, mengine kwa wawekezaji.

Ninachokitazama mimi ni vumbi lenyewe. Uwanda uliokuwa na nyasi za kudumu ukigeuzwa shamba moja lisilo na mti wala ua, ukilimwa kwa mashine nzito mwaka hadi mwaka, utakuja wakati wa mwaka ambapo uko uchi kabisa, na wakati huo ndio wa upepo. Mvua ikija baada ya hapo hukuta ardhi haina cha kuishika, hivyo huchimba makorongo. Kinachonishangaza ni kwamba Wakanada, kuliko watu wengi, walilijua hilo kwao. Miaka ya 1930 tambarare zao za magharibi zilifuka vumbi mpaka mchana ukawa giza na familia zikahama, kwa sababu hizo hizo: nyasi zimeng'olewa, ukame umeingia, udongo hauna mzizi. Maarifa ya kilimo cha tambarare walikuja nayo. Kumbukumbu ya vumbi, sijui ilibaki wapi.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa waungwana wenye bidii, na aliyeamua ngano ilimwe pale ni serikali yetu wenyewe, tusisahau. Ninachosema ni kwamba mradi una tarehe ya kwisha. Mtu akijua kwamba mwaka fulani atapanda ndege na familia yake, hata akiwa mwema kiasi gani, macho yake yanapima mavuno ya mwaka huu. Hapimi makorongo ya miaka ishirini ijayo. Mfugaji ambaye babu yake amezikwa pale anayapima.

Safari ya kwenda upande wa pili wa habari hii inapita Mbulu mjini na kuelekea kusini magharibi, barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na ambayo kwa basi la mwezi wa tisa inakufanya wewe na jirani yako mfanane rangi ya nywele. Unafika Haydom. Pale, katika miaka ya 1950, wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walijenga hospitali mahali ambapo hapakuwa na mji. Ilifunguliwa mwaka 1955. Mji ulikuja kwa sababu ya hospitali: maduka, nyumba za wageni, soko, shule, kiwanja cha ndege ndogo. Watu huja wakitokea pande zote, na ukikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje unasikia jambo ambalo sehemu chache za Afrika zinaweza kukupa: Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu za Wanyiramba na Waisanzu, na Kihadza chenye vidoko, kisicho na ndugu anayejulikana. Kiswahili ndicho kinachowauguza wote.

Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen alifika Haydom na familia yake mwaka 1961. Aliiongoza hospitali kwa miongo. Mwanawe Øystein, aliyekulia pale pale, alisoma udaktari na baadaye naye akaja kuiongoza. Nataja hili si kwa kutaka kuwatukuza. Hospitali ile, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri la hapa nchini, ina matatizo yake, na miaka mingi ya kutegemea fedha za Norway imeiachia mazoea ambayo si rahisi kuyaponya. Mkono wa mbali ukipungua, wa karibu unakuwa haujazoea kutoa. Na wageni wa Haydom nao walikuwa na nyumba bora kuliko za majirani, magari, na likizo za kwenda kwao. Hakuna mtu aliyeteseka sawa na mwenyeji. Ila kuna tofauti kati ya mtu aliyeishi vumbi la mwaka mmoja na yule aliyeliishi mpaka mtoto wake akalihesabu kuwa vumbi la nyumbani.

Tofauti hiyo siyo ya upendo. Nadhani ni ya maarifa. Aliyekaa anajua kwamba kiangazi ndipo mama atachelewa kumleta mtoto, si kwa uzembe, bali kwa sababu siku nzima imekwenda kwenye maji. Anajua macho mekundu ya watoto hayatibiki kwa dawa pekee kama uso hauoshwi, na uso hauoshwi kwa sababu dumu lililoletwa na punda ni la kupikia na kunywa. Anajua kwamba wakati wa baridi watoto hukaa karibu na moto na wengine huungua. Mambo haya hayamo kwenye ripoti ya mtu aliyekuja mwezi wa tatu.

Na kwa kuwa nimeutaja moto, niseme la moshi. Wageni tunalalamikia moshi wa nje, ule unaouficha mlima. Tunaandika habari zake, tunapiga picha jua jekundu. Moshi mbaya zaidi uko ndani, na hauna msimu. Ingia jikoni kwa Mwiraqw au Mbarbaig asubuhi, kwenye nyumba yenye mlango mmoja na dirisha dogo kama kitabu, mafiga matatu, kuni zenye unyevu kidogo. Dakika tano macho yako yanatiririka na unatafuta sababu ya kutoka. Yule mama hatoki. Ana uji kwenye moto na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Watu hao hawakufa kwa moshi wa kuonekana angani, wala hawakuwa na mashine ya kuchuja hewa. Waliuvuta ndani ya nyumba zao wenyewe.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni zuri, na mitungi midogo ya gesi imeanza kuonekana hata vijijini. Ila mtungi ukiisha, kuujaza tena kunataka fedha taslimu siku hiyo hiyo, na nauli ya kuupeleka mjini na kuurudisha. Kuni zinataka mgongo tu. Nimeona mitungi iliyogeuzwa stuli. Siwacheki wenye nayo. Hesabu yao iko sahihi kuliko ya mkakati. Jiko banifu lenye dohani, lililojengwa kwa udongo wa hapo hapo, huenda likafanya mengi kabla ya gesi kufika, lakini jiko la udongo halizinduliwi kwa ngoma na fulana.

Nisije nikaeleweka kana kwamba mwenyeji hakosei. Moto wa nyasi unawashwa na watu, na wana sababu zao: mfugaji anataka chipukizi, mkulima anaharakisha kusafisha shamba, mrina asali ameacha kijinga bila kukizima, mchoma mkaa ameliacha tanuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma. Kibali kinaombwa na wachache. Moto ukipanda msitu wa Hanang usiku, unauona kama mkufu mwekundu ubavuni mwa mlima, na hakuna anayejua nani aliuwasha, ingawa kila mtu anajua. Wazee wenyewe hulaumu. Wanasema zamani moto ulikuwa na siku zake na wasimamizi wake, watu wakisimama mpakani na matawi mabichi. Sasa kila mtu anawasha kwa wakati wake na kwenda zake. Naamini wana haki ya kulaumu kuliko sisi, maana wao ndio watakaokosa chemchemi.

Wala kiangazi si ubaya mtupu. Hili nilichelewa kulielewa, na nadhani ndilo linalowatenga wageni kuliko vumbi. Bonde la Yaeda, nyumbani kwa Wahadzabe, sisi tunaliona limekufa mwezi wa kumi: mibuyu imesimama mitupu, ardhi imepasuka. Kwa mwindaji, huo ni wakati ambao wanyama hawana budi kusogea kwenye maji machache yaliyobaki, na mtu mwenye upinde anajua pa kukaa usiku. Kwa Wairaqw, jina la Mungu mwema, Looaa, ndilo jina la jua. Jua ni mama kwao. Mtu aliyekulia katika maneno hayo hawezi kulitukana jua la mwezi wa tisa kama ninavyolitukana mimi. Kiangazi pia ni wakati wa harusi, wa kujenga, wa kutembeleana, wa mizigo kupita barabarani bila lori kuzama. Mgeni anayekimbia kiangazi anakimbia pia sherehe zote.

Na mvua yenyewe, ile tunayoingoja wote, haiji na ahadi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yalishuka Katesh, Gendabi na Jorodom asubuhi watu wakiwa majumbani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba mlima ulikuwa umenyonya maji mpaka miamba ikalegea. Misaada ilikuja kutoka kila pembe ya nchi, na Watanzania tulionyesha uzuri wetu kama tunavyouonyesha wakati wa misiba. Kisha kamera ziliondoka. Baadhi ya waliopoteza nyumba wakajengewa Warret, Gidagamowd. Majina hayo tumeyaona juu, kwenye orodha ya mashamba ya ngano. Ardhi ya Hanang inawajua watu wake kwa njia ndefu.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Katesh aliwahi kuniambia, tukiwa tumekaa barazani na vumbi likipita, kwamba wageni wazuri ni wengi lakini wageni wa kiangazi ni wachache. Nilimuuliza anawatambuaje. Akasema, "Hawaulizi mvua itaanza lini. Wanauliza maji leo yamepatikana wapi." Sikumjibu, maana siku hiyo hiyo nilikuwa nimeuliza habari za mvua mara mbili.

Nafikiri alikuwa anasema jambo la haki zaidi kuliko nilivyolipokea. Anayeuliza mvua anahesabu siku zake. Anayeuliza maji anahesabu ndoo za watu wengine. Deni la yule anayeweza kuondoka, lile nililouliza juu, nadhani linaanzia hapo. Hadaiwi kubaki milele. Wengi wetu hatutabaki, tuna wazazi na mashamba yetu kwingine. Hadaiwi kujifanya haoni vumbi. Anadaiwa kulipima jambo kwa kipimo cha anayebaki: kama unashauri zao, lifikirie shamba likiwa uchi mwezi wa tisa, kama unaandika ripoti ya afya, iandike baada ya kukaa jikoni, kama unagawa fedha, uliza zitakwisha lini na nani atakuwepo siku hiyo.

Hili linawahusu Wazungu, ndiyo, lakini siku hizi linatuhusu sisi zaidi. Wataalamu wa kigeni wamepungua. Wageni wa Mbulu na Hanang wa leo ni watumishi wa umma, walimu, wauguzi, maofisa wa miradi, vijana wanaopangiwa kutoka mikoa ya mbali na kufika wakiwa wameshaanza kufikiria jinsi ya kuondoka. Shule inapata mwalimu wa hisabati Januari, Septemba hayupo. Zahanati inapata mganga, inamzoea, anahama. Huwezi kumlaumu mtu mmoja mmoja; nyumba za watumishi ni chache, maji ni ya shida, mshahara ni ule ule wa mjini na bei ya sabuni iko juu. Serikali ingeweza kufanya mengi kwa nyumba na tanki kabla ya kufanya kwa hotuba za uzalendo. Lakini mtoto wa darasa la sita pale Basotu haelewi sababu hizo. Anachojua ni kwamba walimu huondoka wakati wa vumbi.

Kwa hiyo wewe kijana uliyepata barua ya kupangiwa Katesh, Basotu, Dongobesh, Haydom au Mbulu: usingoje mvua zianze ndipo uripoti. Nenda mwezi wa tisa. Nunua tanki kabla ya kununua kochi, chukua mafuta ya mgando ya kutosha na kanga au skafu ya kufunika pua, hata kama wewe ni mwanamume. Jirani akikukaribisha jikoni, ingia ukae. Uhamisho utaomba baadaye. Fomu hazijawahi kwisha.